Huduma ya Bure Ina Mlipaji: Fedha za Upangaji Uzazi Hutoka Wapi, na Mkazi wa Bungoma Ana Sauti Gani?

Mama kutoka Musikoma au Bukembe anapokwenda zahanati kudungwa sindano ya miezi mitatu, hatoi hata shilingi moja. Anaonyesha kadi yake ya kliniki, anapimwa shinikizo la damu, anadungwa, anaandikiwa tarehe ya kurudi, kisha anaenda zake sokoni au shambani. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaouliza nani amelipia sindano hiyo. Swali hujitokeza siku muuguzi anapofungua kabati na kusema, "Zimekwisha. Jaribu tena mwezi ujao."

Katika miaka ya karibuni sababu za kuuliza swali hilo zimeongezeka. Baadhi ya mataifa na mashirika ya kigeni ambayo kwa miaka mingi yamegharamia sehemu kubwa ya dawa na vifaa vya kupanga uzazi nchini Kenya yamepunguza fedha hizo au kuziondoa kabisa. Pengo lililobaki linapaswa kuzibwa na Serikali ya Kitaifa na serikali za kaunti, kwa fedha za walipa kodi. Fedha hizo hugawanywa katika bajeti, na bajeti haiwezi kupitishwa kisheria bila maoni ya wananchi.

Makala haya yanaeleza fedha hizo hutoka wapi, zimewahi kuyumba lini, sheria inasema nini, huduma ipi haina malipo na ipi inahitaji mchango wa bima, na mkazi anaweza kusema nini, wapi na lini.

NANI HULIPIA NINI

Huduma moja ya upangaji uzazi ina walipaji kadhaa. Mfano mzuri ni kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, ambacho humkinga mwanamke kwa miaka mitatu hadi mitano kulingana na aina yake.

Kwanza kuna kijiti chenyewe. Pamoja na sindano, tembe, koili na kondomu, vijiti hununuliwa na Serikali ya Kitaifa na wafadhili kwa ajili ya nchi nzima, kisha husambazwa na KEMSA, mamlaka ya serikali inayosimamia ununuzi na usambazaji wa dawa. Kituo hupata mgao wake kulingana na ripoti inayotuma: kimetumia kiasi gani mwezi uliopita, na kimebaki na kiasi gani. Ripoti ikichelewa au ikiwa na makosa, mgao nao huchelewa au hupungua.

Pili kuna muuguzi au afisa wa kliniki anayekiweka. Mshahara wake hulipwa na Serikali ya Kaunti, ambayo pia hugharamia jengo, maji na umeme.

Tatu kuna vitu vidogo ambavyo husahaulika kwa urahisi: glavu, dawa ya ganzi, dawa ya kusafishia ngozi, kisu kidogo cha upasuaji, bandeji, na mashine ya kuchemshia vifaa ili viwe salama. Vitu hivi hununuliwa kwa bajeti ya kaunti au kwa fedha za kituo chenyewe. Vikikosekana, kijiti hubaki kwenye kabati hata kama kimefika kutoka Nairobi. Kwa mkazi aliyetembea kilomita nyingi, matokeo ni yale yale.

Nne kuna mtu aliyemweleza mama kwamba huduma hiyo ipo. Kazi hiyo hufanywa sana na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao hupita nyumba kwa nyumba. Zaidi ya wahamasishaji 100,000 walizinduliwa kote nchini Septemba 2023 na kupewa vifaa vya kazi. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi: Serikali ya Kitaifa hutoa shilingi 2,500 na kaunti hutoa shilingi 2,500.

Kwa hiyo mkazi anaposikia kwamba fedha za upangaji uzazi zimepungua, inafaa aulize: ni fedha zipi? Za dawa, za muuguzi, za glavu au za mhamasishaji? Kila moja ina ofisi yake na ina kifungu chake katika bajeti.

FUNZO LA MWAKA 1998 HADI 2003

Kenya si mgeni katika jambo hili. Mwaka 1967 ilizindua mpango wa kitaifa wa upangaji uzazi, ikawa nchi ya kwanza kufanya hivyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Mwanzoni mabadiliko yalikuwa ya polepole. Utafiti wa uzazi wa mwaka 1977–78 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane. Baadaye, huduma zilipofika vijijini na wasichana wengi zaidi wakabaki shuleni, wastani huo ulianza kushuka, na kufikia mwaka 1998 ulikuwa watoto 4.7.

Kisha maendeleo yakasimama. Mwaka 1998 asilimia 39 ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia yoyote ya kupanga uzazi. Miaka mitano baadaye, mwaka 2003, kiwango kilikuwa asilimia 39 vilevile, na wastani wa watoto ulikuwa umepanda kidogo hadi 4.9.

Watafiti wametaja sababu kadhaa za hali hiyo. Mojawapo ni kwamba nguvu na fedha nyingi za wafadhili zilielekezwa kwingine, hasa kupambana na UKIMWI, huku dawa za kupanga uzazi zikiadimika katika vituo vingi vya umma. Mahitaji ya akina mama hayakuwa yamepungua. Waliendelea kufika kliniki, wakakuta kabati halina kitu.

Hali hiyo ndiyo iliyofanya serikali, mwaka 2005, kutenga kwa mara ya kwanza kifungu maalumu cha kununulia dawa za kupanga uzazi katika bajeti ya taifa. Matumizi yalianza kupanda tena: asilimia 46 katika utafiti wa mwaka 2008–09, asilimia 58 mwaka 2014, na asilimia 63 mwaka 2022. Katika utafiti huo wa 2022 wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulikuwa 3.4. Hata hivyo, asilimia 14 ya wanawake walioolewa walitaka kuchelewesha au kusitisha uzazi lakini hawakuwa wakitumia njia yoyote.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Huduma iliyosimama juu ya fedha za mwingine ilitetereka mara moja mwenye fedha alipogeuka.

WAFADHILI WANAPOONDOKA

Safari hii dalili zilianza mapema. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza kwa asilimia 85 mchango wake katika mfuko wa kununulia dawa na vifaa vya kupanga uzazi unaosimamiwa na UNFPA, Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu. Mchango uliotarajiwa kuwa pauni milioni 154 ulishushwa hadi takriban pauni milioni 23. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizokuwa zikipata dawa kupitia mfuko huo.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 2025. Mnamo Januari 20, Rais wa Marekani Donald Trump alitia saini agizo lililosimamisha misaada ya nchi yake kwa mataifa ya nje, na kufikia Julai 1 shirika la misaada la USAID lilikuwa limefungwa. Pamoja na kununua dawa, fedha hizo zilikuwa zikisaidia kazi ambazo mgonjwa hazioni: kufunza wahudumu, kuhesabu akiba, na kusafirisha mizigo hadi vituoni.

Julai hiyo hiyo ilifahamika kwamba dawa na vifaa vya kupanga uzazi vyenye thamani ya takriban dola milioni 9.7, vilivyokuwa vimekwisha kununuliwa, vilikuwa vimekwama katika ghala nchini Ubelgiji, na serikali ya Marekani ikasema ingeviteketeza. Kwa mujibu wa shirikisho la kimataifa la upangaji uzazi, IPPF, sehemu kubwa ya shehena hiyo ilikusudiwa nchi tano za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo.

Mkazi wa Kanduyi hana kura katika bunge la Uingereza wala la Marekani. Kura aliyo nayo ni ya hapa: ya mbunge anayeidhinisha bajeti ya taifa, na ya mwakilishi wadi anayeidhinisha bajeti ya kaunti.

BUNGOMA, AGOSTI 2013

Kaunti hii ina kumbukumbu yake kuhusu ahadi ya huduma isiyoambatana na fedha za kutosha.

Mnamo Juni 1, 2013, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba akina mama wangejifungua bila malipo katika hospitali za umma, na kwamba ada zingeondolewa katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Akina mama walianza kufika kwa wingi. Lakini vitanda, dawa na wauguzi havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Agosti 8 mwaka huo, mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa kuzaa alijifungua sakafuni, kwenye ujia wa Hospitali ya Wilaya ya Bungoma, ambayo leo ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Bungoma. Vitanda vya kujifungulia vilikuwa vimejaa. Alikuwa amelazimika kununua mwenyewe baadhi ya dawa na vifaa, ingawa huduma ilikuwa imetangazwa kuwa ya bure. Wauguzi walimpiga na kumtukana. Mgonjwa mwingine alinasa tukio hilo kwa simu, na nchi nzima ikaona.

Mama huyo alikwenda mahakamani. Mnamo Machi 22, 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu ya Bungoma aliamua kwamba haki zake za kupata huduma ya afya na kuheshimiwa utu wake zilikuwa zimekiukwa. Mahakama iliagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi. Zaidi ya hayo, ilisema kwamba Serikali ya Kitaifa na Serikali ya Kaunti zilishindwa kutenga rasilimali za kutosha kwa huduma za afya, na hazikuweka utaratibu wa kutekeleza na kufuatilia viwango vinavyokubalika.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kwa kila mkazi. Wauguzi waliomdhulumu mama yule hawakuachwa bila lawama, lakini mahakama iliangalia pia nyuma yao, ikaona wodi isiyo na vitanda vya kutosha na ahadi isiyo na bajeti ya kutosha. Kwa maneno mengine, mgao mdogo wa fedha unaweza kuwa ukiukaji wa haki, sawa na kofi.

SHERIA INASEMA NINI

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, ikiwa ni pamoja na huduma za afya ya uzazi. Kifungu hicho hicho kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Sheria ya Afya ya 2017 imeeleza jambo hilo kwa undani. Inasema kwamba wanaume na wanawake walio katika umri wa kuzaa wana haki ya kupewa habari kuhusu njia za kupanga uzazi, na kupata njia hizo zikiwa salama, zenye kufanya kazi, za gharama nafuu na zinazokubalika kwao. Neno "zinazokubalika" lina maana kubwa. Mtu hapaswi kulazimishwa kutumia njia yoyote, na hapaswi kupewa njia moja tu kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye kabati.

Kuhusu nani afanye nini, Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Serikali ya Kitaifa ina jukumu la sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti zina jukumu la vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti, ambulensi, na uendelezaji wa huduma za afya ya msingi. Fedha za kutekeleza kazi hizo hutoka zaidi katika mgao wa kaunti kutoka Hazina ya Kitaifa, ambao kwa mwaka wa fedha 2025/26 ulikuwa shilingi bilioni 415 kwa kaunti zote 47. Bungoma hupata zaidi ya shilingi bilioni 10 kila mwaka. Katika mgao huo hakuna kiasi kilichoandikwa kutoka Nairobi kwamba ni cha upangaji uzazi. Serikali ya Kaunti ndiyo hupanga, na Bunge la Kaunti ndilo huidhinisha.

Chanzo kingine ni fedha zinazokusanywa na vituo vyenyewe. Zamani ziliingia katika akaunti ya kaunti, na kituo kikangoja. Sheria iliyotiwa saini Oktoba 2023 inaviruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na fedha vinazokusanya na kuzitumia kuboresha huduma. Kwa sababu hiyo, kamati ya usimamizi ya zahanati, ambayo huwa na wawakilishi wa wakazi, inaweza kuamua leo kununua glavu na dawa ya ganzi bila kungoja kibali cha mbali.

IPI NI BURE, NA IPI INAHITAJI MCHANGO?

Hapa ndipo wakazi wengi huchanganyikiwa, hasa tangu Oktoba 2024, wakati Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF.

Matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na Hazina ya Afya ya Msingi, ambayo hupata fedha zake kutoka serikalini. Mkazi anatakiwa kujisajili tu. Hahitaji kuwa amelipa mchango wowote. Kujisajili hufanywa kwa kubonyeza *147# kwenye simu, au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya ya jamii au mhudumu kituoni.

Dawa na vifaa vya kupanga uzazi vinavyoletwa na serikali haviuzwi. Katika hospitali kubwa kunaweza kuwa na ada za huduma zilizowekwa kisheria. Mkazi akiambiwa alipe, ana haki ya kuonyeshwa orodha ya ada na kupewa risiti. Malipo yasiyo na risiti yanafaa kuripotiwa kwa msimamizi wa kituo.

Kujifungua ni jambo tofauti, na tofauti hiyo inaweza kumgharimu mama asiyeijua. Chini ya mpango wa zamani wa Linda Mama, mama hakuhitaji kuchangia. Mpango huo umefikia mwisho, na nafasi yake kuchukuliwa na Linda Jamii, ambapo gharama za kujifungua hulipwa na Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii: shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na shilingi 30,000 kwa upasuaji. Ili hazina hiyo ilipe, mchango wa familia lazima uwe umelipwa. Walioajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Wasioajiriwa hukadiriwa kulingana na mapato ya kaya, kwa kiwango kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hulipa mchango wa mwaka mzima. Kwa anayelipa kiwango cha chini kabisa, hiyo ni shilingi 3,600.

Ushauri wa wazi kwa kila familia inayotarajia mtoto ni huu: shughulikieni SHA mapema, katika miezi ya kwanza ya ujauzito. Anayesubiri uchungu uanze ndipo aulize habari za bima atakuwa amechelewa.

GHARAMA YA KABATI TUPU

Kuna wanaosema kwamba wakati wa uhaba wa fedha, upangaji uzazi unaweza kusubiri. Hesabu inaonyesha vingine.

Tangu mwaka 2013, kufuatia makubaliano ya kimataifa na watengenezaji, bei ya kijiti kwa nchi maskini ilishushwa karibu nusu, hadi takriban dola 8.50. Kwa fedha za Kenya ni kama shilingi 1,100. Kijiti cha miaka mitano kwa bei hiyo hugharimu chini ya shilingi 20 kwa mwezi. Malipo ya upasuaji mmoja wa kujifungua, shilingi 30,000, yangetosha kununua zaidi ya vijiti 25.

Hiyo ni hesabu ya fedha tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kupata mimba nyingine, kwa sababu mimba zinazofuatana mno huongeza hatari kwa mama na kwa mtoto. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Kenya ilipoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Sindano iliyokosekana haionekani katika hesabu hiyo, lakini miezi tisa baadaye inaweza kuwa ndiyo sababu ya wodi kujaa, na wodi iliyojaa Bungoma inaijua.

Wakati dawa anayotumia mtu imekwisha kituoni, yapo mambo ya kufanya. Aulize njia nyingine zilizopo na apewe maelezo kamili kabla ya kuchagua. Aulize kituo cha karibu kilicho na akiba, kwa kuwa wauguzi wanaweza kupigiana simu na kusaidiana. Wakati akisubiri, atumie kondomu. Asitoe mwenyewe kijiti wala koili, na asinunue dawa kwa wachuuzi wasio na leseni.

SAUTI YA MKAZI: WAPI NA LINI

Bajeti ya kaunti hutengenezwa kwa hatua, na kila hatua ina tarehe iliyowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012.

Kufikia Septemba 1, kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Hapo ndipo miradi huandikwa kwa mara ya kwanza, na jambo lisiloandikwa ni vigumu kuliingiza baadaye.

Kufikia Februari 28, kaunti huwasilisha mwongozo wa mikakati ya fedha, unaoweka kikomo cha kila idara. Idara ya afya ikipewa kiasi kidogo hapa, mjadala wa baadaye utakuwa wa kugawana kidogo hicho.

Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti. Kamati za bunge hukusanya maoni ya wananchi kabla ya kupitisha bajeti kufikia Juni 30. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1.

Mikutano ya kukusanya maoni hutangazwa kupitia wasimamizi wa wadi, ofisi za machifu, redio na magazeti. Katika mikutano ya aina hii barabara, madaraja na basari hupata watetezi wengi. Barabara mbovu huonekana na kila mtu. Sindano iliyokosekana hujulikana na mama mmoja na muuguzi mmoja, na mara nyingi mama huyo huona haya kulisema mbele ya wazee, au siku ya mkutano yuko shambani. Ni vyema vikundi vya akina mama, viongozi wa dini na wahamasishaji wa afya wayawasilishe maoni kwa maandishi. Maoni yaliyoandikwa yana uzito sawa na yaliyotamkwa. Wanaume nao wanahusika, kwa kuwa gharama za uzazi usiopangwa hubebwa na nyumba nzima.

Mkazi anayesimama mkutanoni anaweza kuuliza maswali manne:

1. Je, dawa na vifaa vya kupanga uzazi vina kifungu chao katika bajeti ya afya, au vimechanganywa na dawa nyingine?

2. Mwaka uliopita kilitengwa kiasi gani, na kilitumika kiasi gani kwa kweli?

3. Katika vituo vya wadi hii, ni siku ngapi mwaka uliopita ambapo sindano, vijiti au glavu havikuwepo?

4. Kazi iliyokuwa ikilipiwa na wafadhili walioondoka sasa inalipiwa na nani?

Asiyepata nafasi mkutanoni anaweza kuuliza kwa barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu ndani ya siku 21. Akinyimwa jibu, anaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Ombudsman. Hahitaji wakili wala hahitaji kueleza sababu ya kuuliza.

Zaidi ya miaka 10 iliyopita, katika ujia wa hospitali ya mji huu, ilionekana wazi kwamba tangazo la huduma ya bure bila fedha nyuma yake humwacha mama sakafuni. Dawa zilizokuwa zikiletwa na wageni zinapopungua, mahali pa kuzirejesha ni kwenye kurasa za bajeti, katika tarehe zilizotajwa hapo juu. Wakazi wanahimizwa kuzihifadhi tarehe hizo, kufuatilia tangazo la mkutano katika wadi zao, na kuhudhuria.